Mke wa Nyumba ya Nyangi

Mfuko wa pensheni wa watumishi wa umma ulitangaza, kwa kinywa cha afisa wake wa mkoa, mbele ya waandishi wa habari, viongozi wa dini na spika mbili zilizokuwa zinakoroma, kwamba hautamwacha nyuma mtegemezi yeyote wa mwanachama aliyetangulia mbele za haki. Mtegemezi, alifafanua afisa huyo, ni mtu ambaye marehemu alikuwa anambeba. Marehemu anapoutua mzigo, Mfuko unaupokea. Ukumbi ulipiga makofi. Maneno hayo yalistahili makofi, kwa kuwa yalikuwa mazuri na yalisemwa polepole, na hadi leo hakuna aliyeyatengua.

Rhobi Baltazari alikuwa viti vya nyuma. Hakualikwa. Alikuwa ametoka Bunda asubuhi kuja Musoma kuulizia mafao ya marehemu Nyangi Mwandu, akakuta ofisi ya Mfuko imefungwa kwa sababu watumishi wote walikuwa ukumbini wakiwaeleza wananchi kwamba ofisi iko wazi kwao wakati wowote. Akawafuata huko. Aliposikia habari ya mtu anayebebwa na mzigo unaopokelewa, aliona ni yeye anayesemwa, pamoja na wanawe wawili. Akapiga makofi kwa moyo mweupe.

Kwa nini alijiona ni yeye, hilo linahitaji kumjua Nyangi kwanza.

Nyangi Mwandu alikuwa muuguzi wa serikali. Alianzia zahanati ya Kiriba, akizalisha wake za wavuvi, akamalizia utumishi wake mjini Bunda, ambako alikuwa anaogopwa na wagonjwa na kupendwa na wagonjwa haohao wakishapona. Aliwahi kuolewa akiwa msichana. Hakuzaa, akarudishwa kwa baba yake kwa heshima zote, maana yake ni kwamba aliruhusiwa kuondoka na sanduku lake. Mzee Mwandu hakumlaumu. Alimgawia ng'ombe kama alivyomgawia kaka yake, Paschal, akisema binti mwenye mshahara wa serikali anahesabika. Kwa mshahara huo Nyangi alijenga nyumba Manyamanyama, palepale Bunda, karibu na barabara, mahali ambapo wakati ule palikuwa pori na sasa kila mtu anapataka.

Nyumba isiyo na mtoto, kwa watu wa huku, ni nyumba ambayo bado haijaanza. Lakini mila haikumwacha mwanamke wa namna hiyo mikono mitupu. Anaruhusiwa kutoa ng'ombe akaoa binti. Si kwamba binti anakuwa mke wake kama watu wa mbali wanavyofikiri wakacheka. Binti anaolewa na nyumba, kwa niaba ya mtoto wa kiume ambaye mwenye nyumba hakubahatika kumzaa. Anazaa na mwanamume atakayemridhia, na mwanamume huyo haki yake inaishia kwenye kikombe cha chai. Watoto ni wa nyumba, wanabeba jina lake na wanairithi. Wasomi wameliandikia jambo hili tasnifu nyingi. Wenyeji wanaliita nyumba ntobhu, kisha wanaongea habari za mvua.

Tatizo la Nyangi ni kwamba alikuwa pia mwenyekiti wa akina mama wa kigango. Mtu anaweza kuishi na mila ya babu zake na kiti cha kanisa kwa miaka mingi bila shida, mradi vitu hivyo viwili visikutane barabarani. Na ng'ombe wa mahari hukutana na kila mtu barabarani. Huimbiwa, hukaguliwa, hugombewa, huyu kakonda, yule ana jicho la wasiwasi, na mwisho kijiji kizima huwa shahidi kwa sababu kijiji kizima kimekula. Nyangi hakutaka mashahidi. Alitaka mke wa nyumba yake, na Jumapili akae mbele kama kawaida.

Basi alifanya kitu ambacho ni mtu wa Mara tu angekifikiria. Aliwaondoa ng'ombe wale kama ng'ombe wa kuwekesha.

Kuwekesha ni kumpelekea rafiki wa mbali sehemu ya kundi lako akutunzie, ili ugonjwa au wezi wasikumalize kwa siku moja. Mtunzaji anakunywa maziwa, mwenye ng'ombe analala usingizi. Makundi ya namna hiyo huhama kila msimu na hakuna anayeuliza kitu. Paschal aliwaswaga kutoka Bunda mpaka Butiama, kwa mzee mmoja anayeitwa Baltazari, bila ngoma na bila pombe. Njiani alikutana na Katekista Clementi juu ya baiskeli. Jumapili iliyofuata katekista akamuuliza Nyangi, ng'ombe wanakwenda wapi?

"Nimewekesha, Katekista," alijibu Nyangi. "Huku malisho yameisha."

"Umefanya vizuri, Mama," alisema katekista, na mazungumzo yakahamia kwenye bati la sakristia.

Kwa hiyo ukweli waliujua watu wanne: Nyangi aliyetoa, Paschal aliyepeleka, Baltazari aliyepokea, na Rhobi, binti wa Baltazari, ambaye aliwatazama ng'ombe wakiingia zizini kwa baba yake kupitia dirisha la jiko, akaridhika na jinsi alivyothaminiwa. Siku chache baadaye alishuka Manyamanyama na begi lake. Majirani waliambiwa ni binti wa rafiki wa Butiama, amekuja kumsaidia Mama Muuguzi. Alipozaliwa Enos majirani walielewa, na alipozaliwa Mary waliacha kujifanya wanaelewa vingine. Watoto walibatizwa kwa jina la Mwandu. Padri aliandika bila kuinua kichwa.

Maisha ya Rhobi baada ya hapo yanaweza kusimuliwa haraka, kwa kuwa yalikuwa ya kazi. Alilima pamba ya nyumba ile. Alifuga kuku wa nyumba ile. Alimfungulia mlango Nyangi alipotoka zamu za alfajiri akiwa amevimba miguu, na aliizoea sauti yake ya kukaripia kiasi kwamba ilipokosekana alishindwa kupika. Alimwita Mama. Watoto walimwita Bibi. Hakuna aliyeona kasoro katika majina hayo.

Nyangi alipostaafu, Mfuko ulimwambia kwamba miaka yake ya Kiriba haionekani. Michango ilikatwa kwenye mshahara, hilo lilikubaliwa, ila ilipokwenda baada ya kukatwa ndipo palipokuwa hapaonekani. Mtu mwingine angekata tamaa. Nyangi aliwafuata Musoma mpaka walinzi wa getini wakawa wanamsalimia kwa jina. Alikaa kwenye mabenchi yao, aliwapima presha wazee wenzake kwenye foleni, aligombana na mwanasheria wao mmoja hadi akamwita "mwanangu", na siku moja miaka ile ikapatikana. Alirudi Bunda na kilo mbili za sangara na imani ambayo ilikuja kuwagharimu watu wengine.

"Serikali haidhulumugi mtu, Rhobi," alisema usiku huo akichambua miiba. "Inachelewaga tu. Ukiwa na haki yako, unakaa pale pale mpaka wanaona aibu."

"Ndiyo, Mama."

"Na hii pensheni ni ya watoto. Mimi sina jino la kulia nyama."

Alipougua mara ya mwisho, Paschal alikuja kumwona. Ni Rhobi aliyekuwa anamshika Nyangi mgongo ili aweze kuongea.

"Paschal," alisema, "ng'ombe zile ulizipeleka wewe. Watakuja kuuliza hawa watoto ni wa nani. Utasema?"

"Dada, na wewe. Nitaachaje kusema? Mikono hii ndiyo ilishika fimbo."

Paschal akamshika Rhobi bega. "Na wewe usilie, mwanangu. Nipo."

Walimzika Nyangi na kwaya mbili. Baada ya arobaini Rhobi alikwenda Musoma, siku ile ya makofi, na wiki iliyofuata akarudi kwenye dirisha lenyewe.

Kijana wa dirishani alikuwa mpole. "Mama, wewe ni nani wa marehemu?"

"Mke wa nyumba yake."

"Marehemu alikuwa mwanamke."

"Najua. Nilikuwa namuogeshaga."

Kijana alitazama kompyuta kwa muda, kama mtu anayeomba ushauri. Kompyuta ilikuwa na mke, mume, mtoto na mzazi. "Labda mkwe?" alijaribu.

"Mkwe pia siyo uongo."

"Mkwe maana yake mume wako ni mtoto wa marehemu. Yuko wapi?"

"Hakuzaliwa," alisema Rhobi.

Ombi lilikataliwa kwa heshima. Msaidizi wa kisheria mmoja wa Bunda, dada mmoja mchangamfu anayeitwa Prudence, alimwambia kwamba mtu akikataliwa na Mfuko hukata rufaa kwenye bodi ya rufaa ya Mfuko huohuo, ambayo iko huru kabisa na hukaa ghorofa ya juu yake. Alimwambia pia kitu cha kutia moyo. Hawahitaji kuishawishi bodi kwamba mwanamke anaweza kumuoa mwanamke. Waliache hilo lilale. Wanahitaji kuthibitisha kwamba ng'ombe walitolewa kwa ajili ya Rhobi ili azae watoto wa Nyangi, na kwamba Nyangi aliwalea kama wake. Watoto wakitambuliwa kuwa ni wa Nyangi, pensheni itawasomesha na nyumba itakuwa yao.

"Mashahidi unao?" aliuliza Prudence.

"Aliyepeleka yupo, na aliyepokea ni baba yangu mzazi."

"Basi dada, hii kesi tumeshaila nusu."

Kuna jambo ambalo Rhobi hakulifikiria, na lilikuwa ni la kawaida sana. Watoto wakiwa wa Nyangi, nyumba ya barabarani ni yao, na fungu la Nyangi katika ardhi ya Mzee Mwandu ni lao pia. Watoto wasipokuwa wa Nyangi, Nyangi alikufa bila mtoto, na ndugu pekee aliyebaki ni Paschal. Paschal alilifikiria. Kabla ya siku ya shauri alikwenda Butiama kumsalimia Baltazari, akambebea sukari.

Asubuhi ya shauri, Musoma, Paschal alimnunulia Rhobi supu ya sato na chapati mbili katika kibanda kilichotazamana na ofisi. Alimhimiza ale. Alimwambia kwamba mbele ya wakubwa mtu asiongee akiwa na njaa, sauti inatetemeka. Rhobi alikula zote.

Bodi ilikuwa na wajumbe watatu. Mwenyekiti alikuwa mama wa makamo, msikivu, ambaye alianza kwa kusema kwamba bodi inaheshimu sana mila na desturi za watu wa Mara. Rhobi aliitwa wa kwanza, na wakili wa Mfuko akasimama, kijana mwenye tai, asiyekuwa na ubaya wowote.

"Marehemu ulikuwa unamwita nani?"

"Mama."

"Kwa hiyo alikuwa mama yako."

"Hapana, mama yangu yuko Butiama, anapalilia."

"Watoto wako walimwita nani?"

"Bibi."

"Mheshimiwa Mwenyekiti, kanuni inataja watoto wa mwanachama. Wajukuu hawamo."

"Siyo wajukuu, baba. Ni watoto wa nyumba. Mimi niliolewa na nyumba."

"Nyumba ipi?"

"Ya Manyamanyama."

Mjumbe wa kulia, aliyekuwa anasinzia, alifungua macho. "Ile ya bati jekundu?"

"Sasa hivi ina bati jekundu. Nilivyokuja ilikuwaga haijaisha."

Watu walicheka, na Rhobi naye akatabasamu, kwa kuwa alidhani wanacheka pamoja naye. Katibu aliinua kalamu akauliza, kwenye sehemu ya mume aandike nini. Mwenyekiti alifikiri. "Andika alivyosema," aliamua. Katibu akaandika kwamba mume wa mwombaji hakuzaliwa.

Kisha akaitwa Paschal. Alivaa koti. Alisalimia kila mjumbe kwa cheo chake, akakosea kimoja kwa kukipandisha.

"Unamfahamu mwombaji?"

"Namfahamu sana huyu binti. Alikuwa dada wa kazi wa marehemu dada yangu. Na niseme ukweli mbele ya Mungu, alikuwa mchapakazi. Mwaminifu. Hajawahi kuiba hata kijiko. Wasichana wa siku hizi hawako hivyo."

Rhobi alimtazama Prudence, kama mtu anayesubiri kutafsiriwa.

"Na watoto?" aliuliza wakili.

"Watoto ni wa kwake. Dada yangu alikuwa na huruma, aliwaacha wakae. Angewatupa wapi?"

"Tunaambiwa ulipeleka ng'ombe kwa baba yake."

"Nilipeleka. Ziliwekeshwa. Huku kwetu malisho yalikuwa yameisha."

"Baba!" Rhobi alikuwa amesimama. "Baba Paschal! Si ulimwambia Mama utasema?"

"Na nimesema, mwanangu," alijibu Paschal kwa upole. "Nimesema nilizipeleka."

Mwenyekiti alimwomba Rhobi akae. Alikaa. Alimnong'oneza Prudence kwamba haidhuru, anafuata baba yake mwenyewe, na aliponong'ona hivyo uso wake ulikuwa umetulia kabisa. Ndivyo Prudence alivyokuja kusimulia baadaye.

Baltazari aliingia ameshika kofia. Hakumtazama mwanawe. Alitazama feni, iliyokuwa haizunguki.

"Mzee, ng'ombe ulizopelekewa na huyu bwana zilikuwa za nini?"

"Za kuwekesha."

"Hazikuwa mahari?"

"Za kuwekesha," alirudia Baltazari. Alipoulizwa zilikaa kwake muda gani, alisema zipo mpaka leo. Kisha akasema hapana, zimekwisha. Kisha akaomba maji.

Prudence alijitahidi. Alimuuliza mzee, wakati ng'ombe zinafika na binti anaondoka, mambo haya mawili yalifuatanaje kwa wiki moja? Mzee alisema hata yeye alishangaa. Basi Prudence akamwita mtu wa mwisho, ambaye alikuwa amemtafuta mwenyewe kwa kuamini kwamba mtu wa kanisa hatasema uongo. Katika hilo hakukosea. Katekista Clementi hakuwa na cha kupata wala cha kupoteza, na alisema kweli tupu: kwamba aliwaona ng'ombe, kwamba alimuuliza Nyangi, na kwamba Nyangi, kwa mdomo wake, Jumapili, nje ya kanisa, alimjibu amewekesha.

"Katekista," Prudence aliuliza taratibu, "na wewe uliamini?"

Clementi alikuna shingo. "Dada, niliamini. Nisingeamini, ingenibidi nimvue uenyekiti, na mfuko wa bati alikuwa anaushika yeye."

Wajumbe walicheka tena. Wakili wa Mfuko alisimama akasema imani ya shahidi haihusiani na shauri, na Mwenyekiti akakubaliana naye. Katika kumbukumbu lilibaki jibu la kwanza. Uongo mmoja ambao Nyangi aliusema maishani mwake kwa ajili ya kiti chake cha kanisa ulithibitishwa na mashahidi watatu, mmoja wao mwaminifu.

Nje, karibu na kijiwe cha bodaboda, Baltazari alimsubiri binti yake. Alikuwa amenunua karanga na hakuwa anazila.

"Mwanangu."

"Shikamoo, Baba," alisema Rhobi, kwa kuwa hawakuwa wamesalimiana.

"Marahaba. Usinitazame hivyo. Paschal alikuja nyumbani. Alinieleza sheria."

"Sheria gani?"

"Kwamba serikali haitambui ndoa ya mwanamke na mwanamke. Kwamba hata mimi nikisema mahari, wakubwa watasema hapa hakuna ndoa. Na kama hakuna ndoa, mahari inarudi. Na ndama zake zote, na ndama za ndama. Akasema, lakini ukisema ziliwekeshwa, mimi Paschal ndiye mwenye ng'ombe sasa, nitatamka mbele ya wazee kwamba nimekuachia. Yaishe."

"Na ukakubali."

"Ningezitoa wapi, Rhobi? Ng'ombe zile zilikwisha. Alfonsi alioa nazo. Dotto alioa nazo. Unataka niende kumwambia Dotto amrudishe mkewe ana mimba?"

Bodaboda mmoja alimuuliza kama anakwenda stendi, akamwambia asubiri.

"Kwa hiyo kaka zangu wote wameoa kwa mahari yangu," alisema, "ila mimi ndiye sikuolewa."

"Usiseme hivyo."

"Nisemeje, Baba? Nifundishe."

Baltazari alimsogezea karanga. Alizipokea kwa mikono miwili, kama alivyofundishwa utotoni kupokea kitu kwa baba, kisha akapanda bodaboda kwenda stendi. Zile karanga alimpa mwanamke aliyekaa naye kwenye basi.

Uamuzi ulisomwa baada ya mwezi na kidogo. Bodi ilirudia heshima yake kwa mila na desturi. Ilisema imeguswa na uhusiano wa karibu kati ya marehemu na mtumishi wake wa nyumbani. Ilikuta kwamba ng'ombe waliwekeshwa, kwamba hilo limesemwa na marehemu mwenyewe, na kwamba watoto wawili hawa walikuwa wakaazi wa nyumba ya mwanachama bila kuwa watoto wake. Ilimshauri mwombaji kwamba njia sahihi ingekuwa marehemu kuwaasili watoto hao kisheria, na kwamba njia hiyo iko wazi kwa mwanachama yeyote aliye hai.

Mwenyekiti aliuliza kama kuna mwenye neno. Kwa kawaida hakuna.

Rhobi alisimama. "Mheshimiwa, nimekubali. Mimi ni dada wa kazi."

"Siyo lazima ukubali, mama, ni uamuzi."

"Nimekubali. Sasa naomba kuuliza. Tangu Enos hajazaliwa mpaka leo Enos anaota ndevu, nimefua, nimelima, nimemuuguza mpaka nimemfumba macho. Dada wa kazi analipwa. Mshahara wangu uko wapi?"

Wakili wa Mfuko alitazama meza. Mjumbe wa kulia, ambaye leo alikuwa macho, alisema kwa sauti ndogo, "Hilo ni swali." Mwenyekiti alivua miwani, akakiri kwamba ni swali, na akasema bodi haina mamlaka ya kulisikiliza. Alimwelekeza kwa msimamizi wa mirathi ya marehemu. Msimamizi wa mirathi alikuwa Paschal.

"Tutaongea nyumbani," alisema Paschal, na alitimiza. Alikuja Manyamanyama Jumamosi, akakaa kwenye kiti cha Nyangi bila kuambiwa, akakataa chai. Alisema yeye si mtu mbaya. Alisema hawezi kumfukuza mtu aliyemuuguza dada yake. Rhobi na watoto watakaa bure katika vyumba vya uani mpaka pamba ivunwe, na kukaa huko bure kuhesabike kuwa ndio mshahara wote, wa nyuma na wa mbele. Baada ya hapo watapanga kama wapangaji wengine.

"Na pamba?" aliuliza Mary, aliyekuwa kidato cha pili na bado hajajua maswali ya kuacha.

"Pamba iko kwenye shamba la nani, mjukuu wangu?"

"Umeniita mjukuu, Babu," alisema Mary.

Paschal alicheka kidogo. "Mdomo huu ni wa Nyangi mtupu," alisema, kisha akagundua alichosema, akatafuta kofia yake.

Prudence alizungumzia Mahakama Kuu. Alieleza kwamba rufaa inawezekana, kwamba majaji wamewahi kuyasikia mambo magumu kuliko haya. Rhobi alimuuliza mashahidi watakuwa nani. Prudence alisema watakuwa walewale. Rhobi akamwongezea ugali.

Enos aliacha chuo cha ualimu mwaka wa kwanza na kuanza kupakia mizigo ya samaki mwaloni, mitumbwi inakotia nanga, Musoma. Anaandikisha jina lake kama Enos Rhobi, ingawa hakuna aliyemlazimisha. Siku mama yake aliposikia hivyo kwa mara ya kwanza alikwenda makaburini, akapalilia kaburi la Nyangi kwa jembe, akalizungushia mawe, akakaa hapo mpaka jua likaanza kuwa kali. Mwanamke mmoja wa kigango aliyepita alimsikia anaongea. Alikuwa anakaripia.

"Uliogopa katekista," alikuwa anasema. "Miaka yote ile hukumuogopa daktari, hukuiogopa serikali, ukaja kuogopa Clementi na baiskeli yake. Ungewaachaga waimbe, Mama. Wangeimba siku moja tu."

Kisha alifuta jembe kwenye majani na kurudi kuvuna pamba ya mwenye shamba.

Mafao ya marehemu Nyangi Mwandu yalilipwa mwezi wa sita, pamoja na ile miaka ya Kiriba. Mfuko uliyakabidhi kwa mtegemezi aliyethibitishwa, Bwana Paschal Mwandu, ambaye wakati huo alikuwa na mashine mbili za kusaga nafaka na lori aina ya Fuso.